Maswali ya Wasomaji: Je, Kifaa Kilicho Nyuma ya Kioo Ndicho Chenyewe?

Barua tulizopokea kuhusu makumbusho ya sayansi zinagusa vifaa mbalimbali, kuanzia ndege hadi ubao wa chaki, lakini nyingi zinarudi kwenye jambo moja: kitu kinachooneshwa kina uhusiano gani hasa na tukio kinalosimulia? Tumezichagua zile zinazotuwezesha kulijibu jambo hilo kwa mifano halisi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19, imo katika Makumbusho ya Sayansi ya London, na mahali pengine nimesoma kwamba Babbage hakuimaliza mashine yoyote maishani mwake. Lipi ni kweli? Na ikiwa iliyopo ni nakala, kwa nini inaenziwa kiasi hicho?

JIBU: Yote mawili ni kweli, na maelezo yake yanahitaji nafasi. Babbage alibuni mashine mbili za aina hiyo. Ya kwanza aliianza katika miaka ya 1820 kwa fedha za serikali ya Uingereza, na fundi wake, Joseph Clement, alikuwa amekwisha kuchonga maelfu ya vipande pale wawili hao walipokosana kuhusu malipo na kazi ikasimama mwaka 1833. Serikali ilijitoa rasmi mwaka 1842, ikiwa imetumia zaidi ya pauni 17,000. Kilichosalia ni sehemu ndogo, takriban moja ya saba ya sehemu ya kukokotoa iliyokusudiwa, ambayo Clement aliiunganisha mwaka 1832, na hiyo ni kazi ya wakati wa Babbage mwenyewe. Mashine ya pili Babbage aliichora kati ya 1847 na 1849, akaiacha kwenye karatasi. Ile kubwa inayowavutia wageni ilijengwa na makumbusho kwa kufuata michoro hiyo: sehemu ya kukokotoa ilikamilika mwaka 1991, miaka 200 tangu Babbage azaliwe, na sehemu ya kuchapa matokeo ikakamilika mwaka 2002. Kwa jumla ina vipande vipatavyo 8,000 na uzito wa takriban tani tano.

Ili kuelewa mashine hii inafanya nini, andika namba za mraba kwa mfuatano: 1, 4, 9, 16, 25. Tofauti kati ya kila namba na inayoifuata ni 3, 5, 7 na 9, na tofauti kati ya tofauti hizo ni 2, daima. Basi anayetaka mraba unaofuata hahitaji kuzidisha chochote. Anajumlisha 2 na 9 apate 11, kisha anajumlisha 11 na 25 apate 36. Babbage aliona kwamba hesabu inayoweza kufanywa kwa kujumlisha tu inaweza kukabidhiwa magurudumu yenye meno, na kwamba magurudumu hayo, kila moja likiwa na tarakimu 0 hadi 9 na yakiwa yamepangwa katika nguzo, yangeweza kutoa majedwali ya namba bila makosa ya binadamu aliyechoka. Hilo halikuwa jambo dogo katika zama ambazo mabaharia, wanaastronomia na wahandisi walitegemea majedwali yaliyokokotolewa, kunakiliwa na kupangwa herufi kwa mkono, huku kosa likiweza kuingia katika kila hatua. Mashine iliyojengwa London inazungushwa kwa mpini, na inatoa majibu yenye hadi tarakimu 31.

Sasa swali la thamani. Kwa muda mrefu ilidaiwa kwamba Babbage alishindwa kwa sababu karakana za karne ya 19 hazikuweza kutengeneza vipande kwa usahihi uliotakiwa. Wajenzi wa London walipima vipande vya Clement vilivyosalia, wakajiwekea sharti kwamba vipande vyao, ingawa vilichongwa kwa mitambo ya kisasa, visizidi usahihi ambao Clement aliweza kuufikia. Walikuta makosa machache katika michoro, wakayasahihisha, na mashine ikafanya kazi. Kwa hiyo nakala hii ni jaribio lililotoa jibu: kilichomkwamisha Babbage kilikuwa fedha, ugomvi na tabia yake ya kuanza ubunifu mpya kabla ya kumaliza wa zamani, wala si udhaifu wa mafundi wa enzi yake. Nathubutu kusema kwamba inatufundisha kuhusu Babbage mambo ambayo vitu vyake halisi visingeweza kutufundisha, ikiwa ni pamoja na nusu ya ubongo wake, ambayo nayo imehifadhiwa katika makumbusho hayohayo.

Kati ya nakala na kitu cha asili kuna hali ya tatu. Kielelezo cha muundo wa DNA, molekuli inayobeba urithi wa viumbe, cha James Watson na Francis Crick kilicho London kiliundwa upya miaka mingi baada ya 1953, mwaka walioutangaza muundo huo, lakini baadhi ya bamba zake za metali ni zilezile walizozitumia Cambridge.

SWALI: Ndege ya kwanza ya Wilbur na Orville Wright iliruka Marekani. Kwa nini ilikaa Uingereza miaka 20?

JIBU: Kwa sababu ya maelezo ya maonyesho, ambayo kwa Orville Wright yalikuwa sawa na kunyang'anywa kazi ya maisha yake. Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk katika jimbo la North Carolina, ndege hiyo iliruka mara nne; mara ya kwanza ilikaa angani sekunde 12 na kwenda mita zipatazo 36, na mara ya nne ilidumu sekunde 59 na kufika mita 260 hivi. Baadaye siku hiyohiyo upepo uliibiringisha na kuivunja, na haikuruka tena.

Samuel Langley, aliyekuwa kiongozi wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho na utafiti ya mjini Washington, alikuwa amejaribu ndege yake mara mbili katika miezi ya mwisho ya mwaka huohuo, na mara zote mbili ilitumbukia katika mto Potomac. Mwaka 1914, baada ya Langley kufariki, ndege hiyo ilifanyiwa marekebisho na Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege aliyekuwa na kesi ya hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) dhidi ya akina Wright, ikaweza kuinuka kwa umbali mfupi. Smithsonian ikaionesha hadharani kuwa ndiyo ya kwanza duniani kuwa na uwezo wa kuruka na mtu, bila kutaja wazi marekebisho yaliyofanywa. Orville alipinga kwa miaka, na aliposhindwa kuwashawishi aliipeleka ndege yake London mwaka 1928. Smithsonian ilikiri na kujisahihisha mwaka 1942. Orville alifariki Januari 1948, na tarehe 17 Desemba mwaka huo ndege ilizinduliwa mjini Washington. Warithi waliiuza kwa dola moja, kwa sharti kwamba iwapo Smithsonian itatangaza ndege nyingine kuwa iliitangulia hiyo katika kubeba mtu, kwa nguvu zake yenyewe na kwa kuongozwa, ndege itarudi kwao.

Nadhani msomaji atapenda kujua pia kwamba kitambaa kinachofunika mbawa zake leo si kile cha mwaka 1903. Orville alikibadilisha kabla ya safari ya London, na Smithsonian ikakibadilisha tena mwaka 1985. Kipande kidogo cha kitambaa cha awali, pamoja na kipande cha mbao kutoka kwenye propela, kilisafirishwa na Neil Armstrong hadi Mwezini mwaka 1969.

SWALI: Niliona picha ya meza ya mkemia Mjerumani Otto Hahn katika Deutsches Museum ya München, inayosemekana kuwa ndiyo meza ambapo kiini cha atomu kilipasuliwa kwa mara ya kwanza. Mwalimu wangu anasema meza hiyo "inadanganya". Ana maana gani?

JIBU: Mwalimu wako ametumia neno zito, lakini ana hoja, na kifaa hiki kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko kingine chochote katika barua za safari hii.

Juu ya meza hiyo utaona nta ya parafini ya kupunguza mwendo wa nyutroni, vihesabio vya mionzi, vikuza-ishara, betri na nyaya, vyote vikiwa vimepangwa kana kwamba mtu mmoja aliketi mbele yake akafanya ugunduzi peke yake. Vifaa ni vya kweli, ila mpangilio si wa kweli. Katika taasisi ya kemia huko Berlin-Dahlem ambako kazi hiyo ilifanyika mwaka 1938, urani ilipigwa kwa nyutroni katika chumba kimoja, ikatenganishwa kwa kemia katika chumba cha pili, na mionzi yake ikapimwa katika chumba cha tatu. Sababu ya kutenganisha vyumba ilikuwa ya msingi: mionzi kutoka kwenye chanzo cha nyutroni ingevuruga vihesabio vilivyokuwa vinatafuta mionzi hafifu mno. Makumbusho yalikusanya vifaa vya vyumba vitatu katika meza moja kwa ajili ya mtazamaji, na kwa kufanya hivyo yakaondoa jambo ambalo mtafiti yeyote angelitaja kwanza.

La pili ni la watu. Kwa miongo mingi meza hiyo ilitambulishwa kuwa ya Hahn. Fritz Strassmann, mkemia aliyefanya naye utenganishaji ulioonesha kwamba urani iliyopigwa nyutroni ilikuwa imetoa bariamu, elementi nyepesi zaidi kuliko urani, hakupewa uzito wake, na Lise Meitner aliachwa kabisa. Meitner, mwanafizikia aliyeshirikiana na Hahn tangu mwaka 1907, alikuwa sehemu ya utafiti huo wa urani hadi Julai 1938, alipolazimika kuitoroka Ujerumani ya Wanazi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Hahn alipopata matokeo ya Desemba ambayo hakuweza kuyaeleza, alimwandikia yeye. Na ni Meitner, akiwa Uswidi pamoja na mpwa wake Otto Frisch, aliyeeleza kwa hesabu za fizikia kwamba kiini cha urani kilikuwa kimegawanyika na kutoa nishati kubwa. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1944 ilitolewa kwa Hahn peke yake. Kibao cha maelezo kimerekebishwa tangu hapo, na sasa majina yote matatu yanatajwa.

Sioni kwamba meza hiyo inapaswa kuondolewa au kutawanywa. Inapaswa kuoneshwa pamoja na habari hizi, kwa sababu mpangilio wake sasa ni ushahidi wa namna ugunduzi wa watu kadhaa unavyogeuzwa kuwa wa mtu mmoja, na ushahidi wa aina hiyo hauhifadhiwi kwa urahisi.

SWALI: Je, ubao ulioandikwa kwa chaki unaweza kuwa kifaa cha makumbusho?

JIBU: Unaweza. Ubao alioutumia Albert Einstein katika mhadhara wake wa tarehe 16 Mei 1931 huko Oxford umehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya sayansi ya mji huo, ukiwa na mistari michache ya kukadiria msongamano, ukubwa na umri wa ulimwengu. Watafiti waliozipitia hesabu hizo wamebaini kosa katika kubadilisha vipimo, jambo ambalo halipunguzi chochote. Ubao unaonesha fikra ikiwa njiani, kabla haijasafishwa kwa ajili ya kuchapishwa. Ubao wa pili uliotunzwa pamoja nao ulifutwa kwa bahati mbaya ukiwa katika hifadhi.

SWALI: Kwa nini makumbusho makubwa yanaweka vyombo vya kawaida vya udongo, visivyo na uzuri wowote, katika sehemu ya tiba?

JIBU: Bila shaka unazungumzia vile vyombo bapa vya kauri vyenye mdomo mfupi pembeni, ambavyo mtu anaweza kuvipita bila kugeuza shingo. Vilitumika kukuzia kuvu inayotoa penisilini.

Alexander Fleming aliona mwaka 1928 kwamba kuvu hiyo huua bakteria, lakini kupata dawa ya kumtosha hata mgonjwa mmoja ilikuwa kazi nyingine, iliyofanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Kuvu hiyo hustawi juu ya kimiminika chenye kina kidogo na eneo pana linaloguswa na hewa, na nchi ikiwa vitani vifaa vya maabara vilikuwa adimu. Heatley alijaribu kila kilichopatikana, na kilichofaa zaidi kilikuwa chombo cha hospitali cha kujisaidia mgonjwa asiyeweza kuondoka kitandani, kwa kuwa ni kipana, kina mfuniko na kinasafishika. Kutokana na umbo hilo alichora chombo cha mstatili kinachoweza kupangwa kimoja juu ya kingine, akaagiza mamia yake kutoka kiwanda cha vyombo vya kauri. Vya mwanzo vilifika Desemba 1940.

Februari 1941 mgonjwa wa kwanza kutibiwa, askari polisi aliyekuwa na maambukizi makali, alianza kupata nafuu kwa namna ya kushangaza. Dawa ilikuwa kidogo kiasi kwamba walikusanya mkojo wake ili kuitoa tena penisilini iliyopita mwilini bila kutumika. Hata hivyo iliisha, ugonjwa ukarudi, naye akafariki mwezi uliofuata. Kila ninapofikiria vyombo vile ndipo ninapoona sababu ya kuviweka mbele ya watu: ukubwa wake unaonesha waziwazi ni kuvu kiasi gani ingeweza kukua ndani ya kimoja, na kwa nini mamia hayakutosha. Fleming, Florey na Chain walipata Nobel mwaka 1945. Heatley, ambaye bila vyombo vyake wengine wasingekuwa na cha kuchoma sindano, alitunukiwa na Chuo Kikuu cha Oxford shahada ya heshima ya udaktari wa tiba mwaka 1990.

SWALI: Pendulumu ya Foucault iliyoko Paris inathibitishaje kwamba Dunia inazunguka? Na je, ingefanya hivyo mahali popote?

JIBU: Mwaka 1851 Léon Foucault alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 ndani ya jengo la Panthéon. Tufe hilo likibembea, hakuna kani inayoligeuza upande, lakini baada ya muda mstari wa mbembeo wake huonekana umesogea kwa kulinganisha na sakafu. Kinachogeuka ni sakafu, pamoja na jengo na Dunia nzima chini yake. Katika ncha ya Kaskazini au ya Kusini mzunguko huo ungekamilika kwa takriban saa 24. Paris unachukua karibu saa 32, kwa sababu hapo sakafu inageuka kwa sehemu tu ya mzunguko wa Dunia. Kadiri unavyokaribia ikweta sehemu hiyo inapungua, na juu ya ikweta yenyewe inakuwa sifuri: pendulumu itabembea siku nzima bila mstari wake kugeuka hata kidogo. Kwa hiyo jibu la sehemu ya pili ya swali ni hapana, na kutogeuka huko ni uthibitisho uleule, maana ndiko kunakotabiriwa na Dunia ya mviringo inayozunguka.

Tufe moja la Foucault lililokuwa katika Musée des Arts et Métiers lilianguka Aprili 2010 baada ya waya kukatika, likaharibika kiasi cha kutoweza kurejeshwa katika hali yake. Huo ndio ugumu wa vifaa vya kisayansi: vikisimama havioneshi kazi yake, na vikifanya kazi vinachakaa.

SWALI: Je, upo ushahidi wa kihisabati wa zamani sana kutoka Afrika katika makumbusho haya?

JIBU: Upo Brussels, katika makumbusho ya sayansi asilia ya Ubelgiji, ambako ulipelekwa wakati wa ukoloni. Ni mfupa wa Ishango, wenye urefu wa takriban sentimita 10 na kipande cha kwatzi kilichopachikwa kwenye ncha moja, uliofukuliwa na Jean de Heinzelin mwaka 1950 mahali ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward, nchini Kongo. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Una safu tatu za chale zilizokatwa kwa vikundi. Katika safu moja vikundi vina chale 11, 13, 17 na 19. Katika nyingine 9, 19, 21 na 11. Na kila moja ya safu hizo ina jumla ya 60. Safu ya tatu ina jumla ya 48, na ndani yake vikundi vya 3 na 6, kisha 4 na 8, vinafuatana kana kwamba mtu alikuwa anaongeza mara mbili.

Wapo waliosema aliyeukata alijua namba tasa, kwa kuwa 11, 13, 17 na 19 ndizo namba tasa zote kati ya 10 na 20. Mimi naliona dai hilo limekwenda mbali, kwani kujua namba tasa kunadai kujua kugawanya, na mfupa hauna dalili hiyo. Wengine waliona hesabu ya siku za mwezi mwandamo, na wengine wanaona chale za kuzuia mkono usiteleze kwenye mpini. Jumla mbili zinazolingana zinanifanya niegemee upande wa wanaoona hesabu.

SWALI: Je, vifaa vya zamani vinaweza kumdhuru mtazamaji?

JIBU: Mtazamaji aliye nyuma ya kioo yuko salama, wanaohitaji tahadhari ni wahifadhi. Saa na vipimo vya ndege vya nusu ya kwanza ya karne ya 20 vilipakwa rangi yenye radiamu, elementi inayotoa mionzi, ili vionekane gizani. Rangi hiyo ikiacha kung'aa watu hudhani hatari imekwisha, kumbe kilichochoka ni salfaidi ya zinki iliyokuwa inatoa mwanga, ilhali radiamu, ambayo huchukua miaka 1,600 kupungua hadi nusu, ipo karibu yote. Radiamu pia hutoa gesi ya radoni, na ndiyo maana vyumba vinavyohifadhi vifaa hivyo huingiziwa hewa mpya wakati wote. Aliyerithi saa ya namna hiyo asifungue kioo chake wala asijaribu kuikwangua, kwa kuwa hatari kubwa zaidi ni vumbi la rangi hiyo likiingia mwilini kwa pumzi au kwa mdomo.